Kimpira Chenye Alama Nyekundu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoniahidi utaipaka, naamini bado imekaa dirishani na kifuniko chake hakijaguswa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una maneno, na nimeshindwa kukuambia usoni, ndiyo maana naandika.

Kazini bado nipo. Ila mwezi uliopita msimamizi wetu hapa kiwanda cha sabuni aliniambia waziwazi kwamba nikichelewa mara moja tena, nisihangaike hata kuvaa koti la kazi. Baiskeli yangu unaijua mwenyewe. Jumamosi unaitengeneza, Jumatano tairi limelala. Naijaza upepo, nafika nusu ya njia, iliyobaki naisukuma huku jasho linanitoka.

Basi mama mmoja wa stoo, tunamwita Nati kwa jinsi anavyopenda vyuma, akanicheka. Akasema binti wa fundi kusukuma baiskeli ni aibu. Nikamweleza kwamba hukuwahi kunifundisha, kwamba kila nikishika spana unanituma jikoni nikapike chai. Akaniambia nije kwake saa ya mapumziko. Siku ya kwanza nilijibana kidole, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Lakini nimejifunza, Baba! Sasa nakaza breki, narudisha cheni, na gurudumu likipinda nalinyoosha mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye tairi. Nati akatoa mpira wa ndani, akahesabu viraka kumi na vinne, vyote vya mkono wako. Tukauzamisha kwenye beseni la maji. Hakuna povu hata moja, isipokuwa pale kwenye valvu. Kile kimpira chembamba kinachovalishwa ndani ya valvu kilikuwa kikuukuu, kimepasuka. Nati akabandua kiraka kimoja: chini yake hakuna tundu. Akabandua cha pili, hakuna. Halafu akasema labda macho ya mzee yamechoka. Neno hilo nililing'ang'ania, maana sikutaka jingine.

Hapa lazima nikiri. Jumamosi iliyopita nilikutega. Nilivalisha valvu kimpira kipya, nikakitia tone la rangi nyekundu ya kucha, kisha nikatoa upepo mwenyewe pale kwenye kona karibu na kwako. Ukanipokea kwa furaha, ukasema baiskeli hii ina mkosi, ukanituma jikoni. Nilipofika kwangu nikafungua valvu. Chekundu hakipo. Umeniwekea kingine, kilichooza. Macho yanayotoa kizima na kuchagua kibovu hayajachoka, Baba.

Nilikaa sakafuni nikalia. Unakikumbuka kile kiwanda cha nguo? Walikuwa wananifundisha kukata vitambaa, kazi niliyoitamani tangu nikiwa mdogo napasua mashuka ya mama. Nikachelewa mara tatu kwa baiskeli hii hii, wakanifukuza. Ulinifuta machozi kwa leso yako, ukasema ndivyo dunia ilivyo, halafu ukanijazia upepo. Kumbe ulikuwa unajua! Uliwezaje kunifuta machozi huku unajua?

Najua nyumba imekuwa kubwa tangu mama atutoke. Najua Jumamosi ndiyo siku pekee unayonyoa ndevu. Si ungesema tu, njoo? Ningekuja hata kwa miguu. Angekuwa mtu baki, ningemporomoshea matusi nikaenda zangu. Wewe nikutupe wapi?

Sijakusamehe, nisikudanganye. Jumamosi hii siji. Ile inayofuata nitakuja, baiskeli ikiwa nzima, na hutaigusa hata kengele. Nitakaa kwenye kigoda chako, na spana zako, nitengeneze ile yako ambayo breki zake zinalia mtaa mzima unasikia. Chai utapika wewe.

Paka dawa goti, tafadhali, asubuhi na jioni. Nisalimie jirani yako, mwambie kikapu alichonitumia kimefika salama.

Na kimpira changu chekundu kiweke mezani. Nataka nikikute pale nikiingia, kabla hujaniambia chochote.

Ni mimi,
Binti yako, fundi.