Toleo Tulilolichelewesha kwa Ajili ya Mapacha

Muleba, Jumamosi

Limetoka. Saa kumi jioni nimeachia toleo jipya la programu yetu huria ya kuandikisha watoto wa kliniki.

Lilipaswa kutoka Alhamisi. Asubuhi hiyo Adela, muuguzi wa Rubafu anayetusaidia kuijaribu, alinipigia simu. "Waitu dada, nimeandikisha mapacha. Programu imebakiza mmoja tu." Kumbe ilikuta mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa, ikadhani ni mtoto yule yule kaandikwa mara mbili, ikamfuta wa pili.

Wenzangu wa nchi nyingine, tunaoitengeneza nao programu hii, walitaka tutoe hivyo hivyo, tusahihishe baadaye. Tulishatangaza. Lakini mratibu ni mimi, ingawa sikuwa nimewahi kuwakatalia watu walionizidi ujuzi. Niliandika: "Hatutoi." Kisha nikafunga kompyuta kwa woga, nikaenda kumenya ndizi.

Siku mbili za lawama. Kuitwa mwoga kumeniuma, sitaficha. Ila waliolalamika ndio hao hao waliokaa kurekebisha.

Leo Adela amejaribu tena. "Pacha wa kwanza, Nyangoma, yupo," akasema. "Na Nyakato yupo."

Kabla ya kuachia, nilimwomba jina lake kamili nimweke kwenye orodha ya watengenezaji. Akakataa, eti hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nikamwambia sisi tunaojua ndio tuliomfuta mtoto.

Kisha akanitajia jina la ukoo wake, herufi moja moja, nisije nikakosea.