Msumeno Uliousikia kwenye Simu

Uchochoro wa Maseremala,
Dumyat, Misri.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Wagih,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Rihab na watoto, na kwamba joto la Kuwait limepungua. Kile kikohozi cha Karima kimepona? Mwambie mama yake aache kumpa maji ya barafu. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillah. Baba anakula vizuri, anakwenda msikitini mwenyewe bila kushikwa mkono, na bado anagombana na kila mtu. Goti langu ndilo linalonisumbua nikipanda darini kuwalisha bata, lakini hilo unalijua.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Simu yangu Baba huiomba kila jioni asikilize ujumbe wako wa sauti, na akiishika hasikilizi ujumbe mmoja, anasikiliza wote. Shaaban wa duka la gundi anarudi huko Jumanne, nimemwapisha akupe mkononi. Isome ukiwa umekaa, na usimpigie mtu kabla hujafika mwisho.

Wiki iliyopita uliniambia kwamba tarehe thelathini unaandika barua ya kuacha kazi kiwandani, mrudi wote, uifungue upya karakana pamoja na Baba. Ulisema kwa furaha kubwa. Ukaniuliza, "Dada, ni kweli uchumi umeinuka?" Nami nikakujibu kwamba mambo yanachangamka. Wagih, nilikudanganya, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia.

Nyumba hii imegawanyika. Upande mmoja yuko Baba, upande wa pili mume wangu Sabri, na mimi katikati na sinia la samaki. Kila Ijumaa baada ya sala ni hivyo hivyo. Juzi hata wali ulikuwa haujapoa, Baba akaanza.

"Mbao zimejaa uchochoro mzima, mlango wa jirani yetu Haji Gharib hauonekani. Mbao zikija, kazi imekuja. Mimi nimezaliwa hapa, wewe umekuja kuoa tu."

Sabri akaweka kijiko chini. "Ami, mbao hizo nimezibeba mimi kwa pikapu yangu. Mwezi wa tatu huu zinashika vumbi. Haji Gharib hakuzinunua azipasue. Kazinunua kwa sababu anaogopa pesa yake itapungua thamani akiiweka ndani."

"Na yale magari yanayopita na vitanda?"

"Vitanda vinaingia mjini, Ami, havitoki. Watu wa vijijini wanauza samani za vyumba vyao vya arusi. Wewe unayaona magari tu, huangalii yanaelekea wapi."

Baba akamwambia kwamba mtu anayeitakia nchi yake mabaya asile samaki wake. Sabri akainuka. Nikamvuta shati, akakaa, lakini hawajasemezana mpaka leo. Wanapitishia maneno kwangu, "mwambie baba yako", "mwambie mume wako", na wote wawili wamekaa meza moja. Nimechoka nao.

Sitaki kukudanganya kwa upande wa pili pia. Nafuu ipo. Mwaka juzi nilikuwa nikiuliza bei ya mafuta ya kupikia asubuhi, nikirudi jioni imebadilika. Sasa inatulia wiki nzima, pengine mwezi. Sukari haifichwi tena. Karakana mbili kubwa za barabara ya bandarini zinapeleka viti nje ya nchi na zimeongeza mafundi. Yule mtangazaji wa televisheni anayetusomea takwimu kila jioni labda hasemi uongo, ila takwimu zake hazijafika kwetu. Uchochoroni hapa wachumba wanaagiza kitanda peke yake, na kabati wanasema tutaona baadaye. Unamjua Baba. Kwake chumba cha arusi ni chumba kamili, kitanda, kabati, meza ya kioo na vijimeza viwili, na anayeomba kitanda bila kabati anaona amemtukana. Wawili wamekuja hivyo tangu Ramadhani. Wote wawili amewafukuza.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Wiki tatu zilizopita nilishuka karakana asubuhi kuchukua maranda ya kulazia bata. Tangu ngazini nikasikia msumeno mkubwa unanguruma. Nikafurahi, nikajisemea leo gunia litajaa. Nilipoingia nikakuta sakafu imefagiwa, hakuna maranda hata ya kujaza kiganja. Mezani hakuna ubao. Msumeno unazunguka mtupu, na Baba ameketi mbele yake kwenye kigoda, simu yake ndogo ya vibonye sikioni, anapaza sauti: "Unasikia, Wagih? Kazi imerudi, mwanangu. Hata wewe sikusikii vizuri."

Alikuwa anazungumza na wewe.

Aliponiona aliweka kidole mdomoni, ninyamaze. Mlipomaliza akazima mashine, akakaa akiangalia mikono yake. Akasema, "Akisikia kimya, hatarudi." Nikapanda darini na gunia tupu, nikakaa na bata nikalia. Sikumgombeza, na wewe unajua mimi si mtu wa kunyamaza. Baba yule yule aliyekuwa akikuchapa ukiacha mashine iwake bila ubao, kwamba unakula umeme bure, sasa anaiwasha kila asubuhi saa nne, saa yako ya mapumziko, ili uisikie. Akishakata simu anafagia sakafu isiyo na kitu.

Na wewe ni fundi, Wagih. Hapo ndipo ninapokukasirikia. Msumeno unaokata huguna, hushuka sauti, kisha hupanda tena. Ulio mtupu hulia mlio mmoja tu. Uliyajua hayo kabla hujajua kusoma. Ama miaka tisa ya kiwanda imekuziba masikio, ama ulisikia ulichotaka kusikia. Sikulaumu sana. Hata mimi uliponiuliza nilijibu nilichotaka kiwe kweli, maana mwaka wa tisa huu sijakuona ukila nyumbani zaidi ya mara tatu.

Kwa hiyo nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikikuvusha barabara. Usiandike barua ile ya kuacha kazi. Ukifuta ukaazi wako huko, kuupata tena si rahisi, na hapa hamna ubao wa kukata wala shule itakayowapokea watoto katikati ya mwaka. Omba likizo, hata ya siku kumi. Uje na tiketi ya kurudi mfukoni, na umwonyeshe Baba siku ya kwanza, usimfiche. Atanuna siku mbili. Siku ya tatu ataniamuru nichinje bata. Yeye mwenyewe sidhani kama anaamini kwamba uchumi umepona. Amekukumbuka, na hajui kulisema hilo, basi anasema habari za mbao.

Sabri anakusalimu sana, anasema nafasi yako kwenye pikapu haijakaliwa na mtu. Shangazi Tahani anakuombea kila sala na anataka picha ya Yunis akiwa amevaa sare ya shule. Nisalimie Rihab, na umwambie jibini aliyoniomba nimempa Shaaban, ndoo ndogo iliyofungwa kwa kitambaa cha bluu. Asikubali akimwambia imemwagika njiani.

Mungu akupe subira ya kuipokea barua hii, awalinde huko mliko, na atukutanishe mezani tukiwa wote hai na hakuna aliyenuna.

Dada yako akupendaye, hata akikugombeza,

Nagwa

Nimeifungua tena bahasha. Usimwambie Baba kwamba nimekuandikia, hatanisamehe. Ukishasoma, subiri saa nne asubuhi, mpigie. Utausikia msumeno. Usibishane naye habari za nchi, wala usimuulize kazi ngapi zimeingia. Mwambie tu, "Baba, zima mashine, nataka nikusikie wewe."