Siku Tatu kwa Mwizi, Saa Moja kwa Babu

Mjukuu wangu Akello,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuomba mtu. Darasa la tatu nililoachia lilikuwa na nguvu kuliko digrii za leo.

Unakumbuka Mbale, tulipokaa kwenye nyumba za askari jela chini ya mlima Wanale? Nilikushika mkono sokoni nikakufundisha: "Usitazame mikono ya mtu, tazama miguu. Miguu ya mwizi inajua njia ya kutoka." Ulikuwa na miaka sita. Ukapiga kelele, "Babu, huyu hapa!" Nikamshika kola. Kumbe ni katekista anatafuta choo! Tulicheka mpaka bibi yako akatunyima chai.

Sasa mwezi uliopita ulikuja hapa Mafubira kutoka chuoni huko Mbale, na simu ya kurekodi. Ukasema unasoma uhalifu na saikolojia, yote pamoja. Nikauliza, "Moja haikutoshi?" Ukajibu, "Babu, moja inauliza mtu alifanya nini, nyingine inauliza kwa nini." Mwanangu, hayo nimeyasoma miaka thelathini kwenye geti la jela, tena nimesimama.

Ukaniuliza, "Babu, kazini ulikuwa unaogopa?" Nikasema, "Mimi? Afande mzima? Wao ndio waliogopa!" Ukazima simu, ukamaliza chai, ukaenda kwa Wandera.

Wandera! Mwizi wa ng'ombe niliyemfungia mlango mpaka kifungo chake kikaisha, leo fundi baiskeli hapo barabarani. Kwangu saa moja, kwake siku tatu. Nilipita pale mara nne, nikisema natafuta pampu. Baiskeli sina. Nikakuona umeshika kidevu, macho hayapepesi, vile ulivyokuwa unanisikiliza mimi. Na unamwita "mzee"! Jioni nikakuuliza amekupa nini cha maana. Ukasema, "Ameniambia alivyolia wiki yake ya kwanza, Babu. Hakuficha." Ulisema kama mtu aliyepewa ng'ombe. Hiyo ilinichoma. Tangu urudi Mbale nampita Wandera bila salamu, naye ananipigia saluti anacheka.

Haya. Mwizi hawezi kunishinda kwa machozi. Andika: niliogopa. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango nilikohoa kwa nguvu, na wao wakasema, "Afande mkali amekuja." Ukali gani? Koo lilikuwa limekauka, na funguo nilizishika kwa mikono miwili zisilie. Bibi yako aliondoka duniani bila kujua. Wandera pia hajui, na ukimwambia nitakukana mbele ya kanisa zima.

Hayo ni ya asubuhi tu. Mengine yapo, lakini karatasi siiamini. Njoo na simu imejaa chaji. Na siku tatu hazitoshi, usijidanganye. Panga nne.

Mungu akulinde huko, na ule ushibe.

Babu yako wa Mafubira, afande mstaafu