Kitufe Hakionekani, Elia

Kaka Elia,

Nimekaa kwenye kiti chako. Changu kimevunjika mguu na fundi hajakirudisha, usidhani nimekuhamisha. Hapa Kilosa mvua haijakata tangu asubuhi, umeme upo, wateja hawapo. Nimeona nikuandikie, maana yaliyonikuta juzi Mikumi sina mtu mwingine wa kumweleza akaelewa.

Watu wanaokuja kuchapiwa barua bado wananipa pole. "Pole dada Zaina, umempoteza mwenzio." Halafu wanauliza kwa nini nisiendelee mwenyewe na zile programu za kompyuta tulizokuwa tunaziunda. Hawajui kwamba wewe ulichora na mimi niliandika. Ulianza na brashi, ukichora mabango, wakati biashara zilipoachiwa huru na kila mtu pale Mabwerebwere akawa anafungua duka. Kompyuta za mitumba zilipoanza kuletwa, ukagundua kwamba unaweza kukamata kitufe kwa mausi, ukakiburuta, ukakiweka unapotaka. Ulicheka peke yako. "Zai, hili ni bango linalobonyezwa!" Nami nikakibonyeza mara mbili kitufe chako, tukatokea nyuma yake, kwenye ukurasa mtupu wa kuandikia amri. Hapo ndipo palipokuwa pangu. Mama yako aliposikia tunaandika kodi za kompyuta, yaani zile amri zangu, akadhani tumeajiriwa na watu wa mapato, akakataa kuwaambia majirani.

Sasa sikia. Kompyuta ya kile kituo cha afya cha Mikumi, tulichokiundia programu ya kuandikisha wagonjwa, iliungua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, basi. Wakapewa nyingine ya mtumba, kioo chake kidogo. Sista Anjela, muuguzi wao, akanipigia simu: "Programu inafunguka vizuri, mwanangu, ila siwezi kuhifadhi. Kitufe hakionekani." Nikapanda basi.

Kitufe kilikuwepo. Ulichora kwenye kioo chetu kikubwa, na kwenye hiki kidogo ukurasa ulikatika chini, neno Hifadhi likapotelea huko. Nikaona hii kazi ndogo. Nikamwamkia Sista, akaitikia marahaba huku akiangalia mlangoni, nyuma yangu.

"Kaka yako yuko wapi?"

Nikasema nimekuja peke yangu. Ndivyo nilivyosema, Elia. 

Nikaufungua ule mchoro wako. Tangu ulipoondoka sikuwa nimeufungua. Ukiwa hai nilikuwa naona masanduku na vitufe tu. Juzi niliona kila kitu kilivyokaa, jina hapa, umri pale, hakuna kinachobanana. Nikasogeza kitufe juu, kikaangukia juu ya tarehe. Nikasogeza tarehe, ikaziba uzito wa mtoto. Nikapunguza herufi zote. Sista akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sioni, mwanangu." Nikafuta kitufe kile nikachora kingine. Yale niliyoyaandika nyuma yake yakabaki palepale, hayana kosa hata moja, lakini hakuna kinachoyaita. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena. Kuyaunganisha upya najua, ila kitufe chenyewe bado hakikuwa na pa kukaa.

Nje benchi lilikuwa limejaa. Akina mama na watoto wa homa, na mzee mmoja anayekohoa. Kila nilipoinua kichwa walikuwa wananiangalia mimi.

Nikabakiza wazo moja: nigawe ukurasa mara mbili. Kile kisanduku chekundu ulichokiweka juu kabisa, cha dawa zinazomdhuru mgonjwa, nikakishika nikipeleke ukurasa wa pili. Kingenipa nafasi yote niliyoitaka. Sista akanishika mkono.

"Hicho usikiguse."

Akanieleza jambo ambalo hukunieleza. Kumbe siku ile uliyoshinda naye ukichora, huulizi kitu, unafuata tu macho yake yanakokwenda, ndipo alipokusimulia habari za mtoto aliyechomwa sindano isiyomfaa, kwa sababu onyo lilikuwa limeandikwa nyuma ya kadi na foleni ilikuwa ndefu. Mtoto hakuamka.  Anasema ulikishika kile kisanduku ukakipandisha juu ya jina la mgonjwa, ukakipaka rangi nyekundu, ukamuuliza, "Hapa kitakuponyoka?" Akakuambia hapana.

Mimi nilikukasirikia siku ile, nikaona unachelewesha kazi.

Basi nikarudisha mchoro wako kama ulivyokuwa, kutoka kwenye nakala ya sidii niliyokuja nayo, na kitufe kikazama tena. Nilikaa nimeshika mausi. Amri zote najua kuziandika, Elia. Lakini mahali pa kuweka kitu ili jicho la mtu aliyechoka likione, sijui. Nilitafuta kichwani mwangu wewe ungeanza wapi, sikupata hata pa kuanzia.

Sista akaizima mashine mwenyewe, taratibu. "Acha, mwanangu. Tutaandika kwa mkono kwanza. Mwambie Elia aje, hata wiki ijayo. Nitamsubiri."

Hapo ikabidi niseme. Nikasema, "Sista, Elia hayupo. Figo. Tumemzika kwao milimani."

Hakulia. Alitoka nje akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, katikati yao, kama naye amekuja kutibiwa. Mama mmoja akasogea kumpisha. Hakuna aliyeuliza zamu. Kisha akasimama, akaita jina la kwanza.

Nilisaidia kuandika kadi hadi wagonjwa wakamalizika. Aliponisindikiza kituo cha basi alisema jambo moja tu: nisimpe mtu mwingine mashine ile aisafishe na kuufuta mchoro wako. Nikamwambia sawa, lakini sikujua namuahidi nini.

Sijui namna ya kuimaliza kazi hii. Nimejaribu hapa dukani jana kutwa, na leo. Kila ninachokichora ni kibaya, nami nakiona ni kibaya, na kuona huko hakunisaidii kitu.

Mama yako hajambo. Ananiita binti yake siku hizi, hata mbele ya mchungaji. Dua zangu nimekuombea kwa namna yetu. Sijui zinakufikaje huko, lakini nimeomba.

Lala, kaka yangu. Jumatatu narudi Mikumi. Sina jibu nitakalompelekea Sista, ila nitakwenda, na Jumatatu nyingine nitakwenda tena. Hilo nakuahidi, kwa kuwa ndilo ninaloliweza.

Wako,
Zaina