Kitako cha Bunduki ya Babu

Wanangu,

Chai imo kwenye chupa. Bibi ameze dawa baada ya kula, asiwadanganye kwamba ameshameza.

Kitako cha bunduki ya babu yenu kimepatikana. Vyote tulivyojaribu vilikataa, lakini hiki alichonipa fundi asubuhi kimeingia bila kupigwa tupa. Nilipokigeuza nikaona zile alama zake saba za kisu. Ni kilekile tulichomzika nacho, kama alivyoagiza, sisi tukabaki na chuma.

Fundi anasema kaletewa jana na mzee mmoja mpole, aliyeulizia bunduki iko nyumba gani. Nimekimbilia makaburini.

Mtu akibisha, ~~mkaribisheni~~ msimfungulie, hata kama Bibi atasema anaijua sauti.

Baba yenu