Mtoto Alilia

12 Mei

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mafua yamekuacha, na kuku wako wameacha kulala jikoni. Mimi mzima, ila usingizi hapa bwenini hauji. Unanijua, ana kwa ana maneno hunikauka, ndiyo maana naandika.

Ni kuhusu siku ile ulipomleta nyumbani yule mgeni anayefuatilia afya ya wazazi na watoto wachanga. Hakujua Kiswahili, nawe ukanisukuma mbele: "Huyu mwanangu anakimwaga Kiingereza kama maji." Nikajiona mtu. Akauliza kama mtoto wa dada alilia alipozaliwa. Kabla dada hajafungua mdomo, ukajibu, "Hakulia." Nami nikatafsiri hivyo hivyo.

Mama mdogo, alilia. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Alilia mpaka baba akacheka. Baadaye ndipo alipoanza kupoa, tukakupigia wewe, mhudumu wetu wa afya, mwenye namba ya gari la wagonjwa. Simu ilikuwa imezimwa. Ulipofika mchana tulikuwa tumeshamfunika.

Sasa mama mkwe wa dada anatangaza kisimani kwamba tumbo lile huzaa maiti. Na juzi dada aliniandikia: "Mdogo wangu, hivi kweli alilia, au niliota?"

Mwambie alilia. Hilo tu.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Kuku jikoni wametoka, wamehamia chumbani.

Nilikuwa mnadani nauza mitumba, simu ikaisha chaji. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Mtoto asiyelia huandikwa kazaliwa mfu, yakaisha. Aliyelia, watauliza nani aliitwa na alikuwa wapi. Wakiniondoa, wajawazito wa hapa watabaki na nani? Maji yakimwagika hayazoleki. Dada yako bado kijana, atazaa tena.

Wewe soma. Nimekushonea sketi ya shule, ina mfuko ndani kama upendavyo. Mgeni atarudi wakati wa likizo yenu. Utatafsiri kama siku ile. Nakuamini.

Mama yako


19 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Tulisikia homa ilikukamata asubuhi ileile mgeni alipokuja. Pole.

Aliuliza lile lile. Dada hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nikamwambia kwanza kwa Kiswahili, "Alilia, dada. Nilikuwa mlangoni." Ndipo naye akasema, "Alilia," nami nikatafsiri.

Mgeni akauliza, kwa nguvu au kwa unyonge? Neno la Kiingereza sikuliona, na la Kiswahili likanikimbia. Nikafumba macho, nikautoa ule mlio wenyewe mbele ya watu wote, mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Dada akasema, "Ndiyo huo." Kisha akalia, kilio alichokuwa hajakilia tangu siku ile.

Mgeni akauliza nani aliitwa. Nikatafsiri swali, nikatafsiri na jibu la dada.

Ungedanganya kwa mdomo wako, labda ningesahau. Uliuazima wangu kwa sababu ulijua mimi sisemi. Na mimi nilidhani ulinichagua kwa kunipenda.

Sketi ilinienea vizuri, na mfuko niliuona. Dada atakuletea, nimeshaifua.

Mtoto wa dada yako