Ukuta wa Mama Mkwe

Eldoret, 6 Machi 1927

Kwa mke wangu Nabwire,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima isipokuwa vidole, ambavyo mawe yamevila. Wewe hujambo? Mama je, na macho yake?

Stesheni yetu inapanda. Wazungu wana chumba chenye meko ya kuota moto. Wahindi wana chumba chenye dirisha la vioo. Sisi wa daraja la tatu tulipewa paa la mabati na nguzo nne, basi. Nikamwambia Bwana Harnam, fundi mkuu, "Watu yetu wakingoja treni wanapiga hadithi. Tupe mabenchi mawili yatazamane." Akakubali! Nimeyajenga kwa mawe, na kila nikipiga patasi nakuona umekaa pale na kikapu chako.

Reli imeshafika huko kwenu. Mlete mama kwa daktari wa macho, nawe ubaki. Miaka miwili ya kulala peke yangu imetosha.

Mumeo,
Nyongesa

Kimilili, 29 Machi 1927

Mume wangu Nyongesa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi ni wazima, mvua imeanza na mahindi tumepanda.

Nilimsomea mama barua yako yote. Aliposikia mabenchi yanatazamana, akaweka kikombe chini. "Nishuke kwa treni nikae uso kwa uso na mkwe wangu? Afadhali nipofuke." Wewe ni fundi gani unayesahau kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani? Umekaa na wageni mpaka adabu imekutoka.

Najua utasema haoni vizuri, kwa hiyo hatakuona. Usiseme. Heshima haikai machoni. Na mimi siwezi kumwacha, nimebaki peke yangu naye.

Nimekukosa sana. Shati uliloacha limekwisha harufu yako, nikalifua tu.

Mkeo,
Nabwire

Eldoret, 2 Mei 1927

Mke wangu mpenzi,

Hamjambo wote? Baridi ya hapa imenipa kikohozi, lakini nafanya kazi.

Mwambie mama nimekosa, na nimetubu kwa mawe. Katikati ya mabenchi nimesimamisha ukuta unaopita kichwa cha mtu aliyekaa. Mama ana njia yake, mimi nina yangu. Bwana Harnam alikuja na kamba ya kupimia, akapiga kelele, "Hii iko wapi kwa ramani?" Nikamwambia, "Bwana, bila hii mama mkwe yangu hapana shuka." Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akasema naye ana mama mkwe, tena wake angehitaji futi kumi. Ukuta ukabaki.

Mkifika, rafiki yangu Wangila, mpagazi wa stesheni, atamwongoza mama upande wake. Mimi nitajificha nyuma ya stoo mpaka akae. Halafu wewe uje upande wangu.

Njooni mapema. Kazi ikiisha, hawa wakubwa wa reli hawatuulizi tunataka kwenda wapi.

Mumeo anayekungoja,
Nyongesa

Eldoret, 14 Juni 1927

Mume wangu,

Hatujambo, tumefika salama. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi lako, na kalamu ni ya Wangila. Ametuambia kwamba jana jioni mlipewa amri, na leo asubuhi mafundi wote mkapakiwa kwenye treni ya kokoto kwenda Tororo. Barua hii atampa mtu wa treni ya kesho.

Mama yuko upande wake. Ameupapasa ukuta jiwe kwa jiwe, akasema umejengwa na mtu mwenye adabu. Sasa nikimsikiliza vizuri, analia. Daktari tutamwona kesho. Baada ya hapo sijui.

Nyongesa, ngoja nikuambie jambo. Tulipofika Turbo, treni yetu iliwekwa kando kungoja nyingine ipite. Ilikuja polepole, wanaume wakiimba kwenye mabehewa ya wazi. Mama akashtuka. "Wanaume wengi hivyo, huenda mkwe wangu yumo. Nifunike." Nilimcheka. Nikamwambia, mama, mkwe wako anatungoja Eldoret. Lakini nilimfunika kwa shuka langu, nikasimama dirishani nikiwa nimewageuzia mgongo, nimkinge vizuri, mpaka wimbo ukaisha.

Ulipita karibu kiasi cha kunyoosha mkono, mume wangu, na mimi nilikupa mgongo.

Mkeo,
Nabwire